Benchi, kulala, goti au fimbo tatu: usawazishe bunduki kwa mkao upi?

Bunduki haina mahali pamoja inapogonga siku zote. Ina mahali inapogonga ikishikwa namna fulani. Mtu akiisawazisha darubini (yaani akiirekebisha mpaka risasi igonge pale anapolenga) juu ya benchi kwa mifuko ya mchanga, matundu matano yakakaa ndani ya upana wa sanduku la kiberiti kwa mita 100, kisha akasimama na kuiegemeza kwenye fimbo tatu, kundi la matundu linaweza kuhama sentimita tatu, tano, wakati mwingine zaidi. Darubini haijaguswa na risasi ni za boksi lilelile. Kilichobadilika ni mwili ulio nyuma ya kitako na kitu kilichoubeba mti wa bunduki.

Ulinganisho huu unahusu bunduki zinazorusha risasi moja kila mlio, si marisau, za uwindaji halali na za shabaha, kuanzia .22 ya mazoezi (namba hizi huonyesha takriban upana wa risasi kwa inchi) hadi .375 H&H ambayo wawindaji wa nyati wameitegemea tangu ilipotoka mwaka 1912. Mwisho umo mpango wa kujipima mwenyewe, kwa sababu hakuna jedwali la mtu mwingine litakalokwambia bunduki yako inahama kiasi gani.

Kwa nini risasi inahama

Wengi huamini bunduki hupiga teke risasi ikiwa imeshatoka. Sivyo. Bunduki huanza kurudi nyuma mara tu risasi inapoanza kwenda mbele, na hesabu yake ni rahisi. Chukua .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7, baruti kama gramu 3.5, mtutu wa sentimita 60 na bunduki ya kilo 4. Kwa kuwa baruti husafiri wastani wa nusu ya njia, uzito unaokwenda mbele ni kama gramu 13.5. Zidisha kwa milimita 600, gawa kwa gramu 4,000, upate milimita 2. Hivyo risasi inapotoka mdomoni, bunduki imekwisharudi milimita 2. Kwa .375 ya kilo 4.3 inayosukuma risasi ya gramu 19.4 ni kama milimita 3.

Milimita 2 si kitu kama bunduki ingerudi kwa mstari ulionyooka. Tatizo ni kwamba mtutu uko juu ya mahali kitako kinapogusa bega, kwa hiyo kurudi kunaambatana na kunyanyuka. Mdomo ukinyanyuka tofauti ya milimita 0.3 tu, ukipima kutoka begani umbali wa mita 1, risasi inahama sentimita 3 kwa mita 100. Bega gumu, bega laini, mfuko wa mchanga, ukuta wa saruji: kila kimoja kinakubali au kinakataa mwendo huo kwa kiasi chake. Hapo ndipo tofauti zote zinapozaliwa.

Wanaoshindana hawabishani juu ya hili. Katika mashindano ya mita 50 ya mikao mitatu (goti, kulala, kusimama), ambako duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, washindani hurekebisha vilengeo kila wanapobadili mkao, na wengi huweka daftari la idadi ya kliki (hatua ndogo za kuzungusha kirekebishi cha kilengeo) za kila mkao.

Benchi na kulala kifudifudi

Benchi ndiyo mahali pa kuijua bunduki. Inaondoa mtikisiko wa mwili, hivyo unaona kama bunduki na risasi zinaelewana. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Ila benchi ina uongo wake: bunduki inakaa juu ya vitu viwili visivyo na nyama, inarudi kwa uhuru mkubwa kuliko itakavyorudi porini, na bega lako linaigusa kidogo tu.

Mfuko wa mbele uwekwe chini ya ubao wa mti (sehemu ya mbele ya mti, chini ya mtutu), mbele kidogo ya magazini au katikati ya ubao, kila mara pale pale. Usiweke mfuko chini ya mtutu wenyewe. Angalia pia kile kishikizo cha mkanda: kikiwa karibu na mfuko, bunduki inaporudi kinaugonga mchanga na kuinyanyua pua, na matundu yanajipanga kwa mstari wa juu na chini. Wengi hulaumu risasi kwa kosa hilo. Ufumbuzi ni kufungua kishikizo au kusogeza mfuko sentimita 4 nyuma. Mfuko wa nyuma ukae chini ya kitako, na mkono wa kushoto uufinye polepole kupandisha au kushusha shabaha.

Kwa bunduki zenye teke kubwa, benchi inaleta shida ya pili. Ukiinama juu ya meza, kifua hakina pa kurudi, bega linapokea kila kitu, na baada ya risasi ya nne mwili unaanza kushtuka kabla ya mlio. Teke la .375 lina nishati zaidi ya mara mbili ya .308, na mwili unajua. Jinsi ya kugundua: mwombe mwenzako akupakilie, mara risasi, mara risasi ya mazoezi isiyo na baruti, bila kukwambia. Ukivuta triga juu ya ile isiyo na baruti na pua ikazama chini, basi kundi lako la chini kushoto halitokani na darubini. Vile vifaa vya chuma vinavyobana kitako na kupakiwa mawe au vyuma ili kumeza teke hatuvipendekezi kwa kusawazisha. Vinaihamisha risasi kuliko mkao wowote wa mwili, na mti wa bunduki unaozuiliwa kurudi unaweza kupasuka nyuma ya kitasa (sehemu ya chuma inayofungia risasi nyuma ya mtutu).

Kulala kifudifudi ni imara karibu kama benchi, na ni mkao halisi, unaoweza kuutumia popote penye nyasi fupi. Mwili mzima uko nyuma ya kitako, kwa hiyo bunduki inarudi kwa mstari ulionyooka zaidi kama mabega yote mawili yako mraba na mtutu. Ukilala kwa pembe, kama picha nyingi za zamani zinavyoonyesha, teke linasukuma bega moja na mdomo unakimbilia upande. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi mdomo huenda kushoto na juu.

Mambo mawili huharibu kulala. La kwanza ni pumzi: kifua kiko ardhini, kila pumzi inapandisha na kushusha shabaha. Toa pumzi, simama pale mapafu yanapotulia yenyewe, piga ndani ya sekunde 5 hadi 7. Ukipita hapo macho yanaanza kufifia, anza upya. Anayepiga mara na pumzi nusu, mara na mapafu matupu, atapata mstari wa wima na kudhani ni upepo wa mbele. La pili ni jicho. Ukilala, kichwa kinasogea mbele. Darubini nyingi zinataka jicho liwe umbali wa sentimita 8 hadi 10, na kwa .375 au .416 kulala kifudifudi kunamaliza nafasi hiyo na kukuachia nyusi iliyopasuka. Bunduki hizo zisipigwe kwa kulala isipokuwa hakuna njia nyingine.

Ukichagua kati ya mikao hii miwili kwa .308 au .30-06, tumia benchi kwa kundi la kwanza la kuijaribu risasi mpya, kisha usawazishe kwa kulala kama ndivyo utakavyopiga.

Miguu miwili au mfuko

Miguu miwili inayofungwa chini ya mti ni rahisi kubeba, na ndiyo inayowadanganya watu wengi. Juu ya saruji au meza ngumu miguu inaruka, na risasi hupanda. Juu ya udongo laini miguu inazama kidogo na kushikwa, na kundi hukaa chini zaidi. Ukiisukuma bunduki mbele kwa bega mpaka miguu ibane, kundi ni moja. Ukiiacha ilegee, ni kundi jingine. Hivyo mwenye miguu miwili achague nguvu moja ya kusukuma mbele na aishike siku zote: kiasi cha kuondoa ulegevu tu, bila kukaza shingo. Na asisawazishe juu ya saruji kama atapigia mchangani.

Mfuko laini, hata begi la mgongoni lililojaa nguo, una uvumilivu zaidi. Kwa mpigaji anayebadili uwanja kila mara, begi ni chaguo bora kuliko miguu miwili ya bei kubwa.

Jiwe, boneti ya gari, nguzo ya uzio: vyote ni vigumu, na bunduki ikiwekwa moja kwa moja juu yake inadunda na risasi inakwenda juu. Weka kiganja, kofia au koti katikati. (Na kuhusu gari: sheria ya wanyamapori ya Tanzania inakataza kuwinda ukiwa ndani ya gari, kwa hiyo usijifunze mkao huo.) Kosa kubwa kuliko yote ni kuegemeza mtutu wenyewe kwenye tawi. Mtutu unatetema kama uzi wa zeze risasi inapopita. Ukiugusa, unabadilisha mtetemo. Kanuni ya haraka: risasi hukimbia kile kinachougusa mtutu. Tawi likiwa chini, risasi juu. Tawi likiwa kushoto, risasi kulia.

Fimbo tatu na kusimama bila msaada

Katika uwindaji wa miguu wa Tanzania, fimbo tatu zilizofungwa juu ndizo zinazopigiwa zaidi, maana nyasi ni ndefu na kulala hakuonyeshi kitu. Hapa ndipo tofauti na benchi ni kubwa. Bega liko wazi, kiuno kinarudi pamoja na bunduki, na mkono wa kushoto ndio unaoamua. Kuna namna mbili za kuutumia mkono huo. Moja ni kuushika mti na panda ya fimbo kwa pamoja, vidole vikizunguka vyote viwili. Nyingine ni kushika fimbo tu na kuiacha bunduki ikae juu ya panda bila kushikwa. Ya kwanza ndiyo sahihi kwa bunduki yenye teke: inazuia mti kuruka kutoka kwenye panda na inarudisha mahali pa kugonga karibu na pale pa benchi. Ya pili inafaa .22 na bunduki ndogo, ila kwa .375 huipandisha risasi, na risasi ya kufuatia inachelewa kwa sababu bunduki imeshatoka kwenye fimbo.

Urefu: panda ifike kati ya kwapa na mfupa wa bega ukiwa umesimama wima. Ikiwa chini utainama, shavu litabonyeza mti kwa nguvu nyingine, na kundi litahama. Fimbo moja kati ya tatu ielekee kwa mnyama au shabaha, mbili zirudi kwako. Goti la mbele lilegee kidogo, uzito uende mbele.

Kusimama bila msaada wowote kunafundisha kuliko mikao yote na kunastahili kutumiwa mara chache kuliko yote. Mchezo wa baiathloni unaonyesha pengo lenyewe: kwa umbali uleule wa mita 50, mshindani aliyelala anatakiwa kugonga duara la milimita 45, na aliyesimama la milimita 115. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kila siku. Ukisimama bila fimbo, mtikisiko ni mkubwa kiasi kwamba kuhama kwa kundi hakuonekani tena, kumezwa na upana wenyewe. Swala pala ana eneo la moyo na mapafu la takriban sentimita 15. Kama makundi yako ya kusimama yana upana wa sentimita 15 kwa mita 100, basi umbali wako ni mita 50, ili ibaki nafasi ya kukosea, na usiongeze.

Goti na kukaa ni vya katikati. Kukaa ni imara zaidi kwa sababu viwiko vyote viwili vinapata goti. Goti moja ni la haraka. Katika yote mawili usiweke ncha ya kiwiko juu ya mfupa wa goti, mfupa juu ya mfupa unateleza kama gololi. Sogeza mbele, nyama ya nyuma ya mkono ikae juu ya goti.

Kushika kwa nguvu au kulegeza

Kwa bunduki nyepesi yenye teke, chini ya kilo 3.5, shika imara: kitako kivutwe ndani ya bega, mkono wa triga uvute nyuma, wa mbele ushike bila kukamua. Kulegeza hapa kunampa mdomo ruhusa ya kwenda utakako. Kwa bunduki nzito ya shabaha, kilo 5 na zaidi, ya kupigia mifuko, mguso mwepesi unaorudiwa sawasawa hufanya vizuri zaidi, maana uzito wenyewe unafanya kazi ya mikono.

Bunduki ya upepo yenye springi ni kisa tofauti kabisa. Pistoni inakwenda mbele na kusimama ghafla, kwa hiyo bunduki inarudi nyuma kisha inarushwa mbele, na kirisasi bado kimo ndani ya mtutu. Ukiibana, kila tofauti ndogo ya mkono inaandikwa kwenye karatasi. Dawa yake ni kuilaza juu ya kiganja kilichofunguka, mahali palepale kila mara, bega likiigusa tu, na kuiacha icheze itakavyo. Usiiweke juu ya mfuko wa mchanga bila kiganja katikati. Bunduki ya upepo ya kujazwa hewa ya mtungi haina tabia hiyo na inavumilia karibu mshiko wowote.

Mkanda unaofungwa mkononi unaimarisha kulala na goti kwa kiasi kikubwa. Ila uliza kwanza: mtutu wako umeachwa huru au mti unaugusa? Pitisha karatasi kati ya mtutu na ubao hadi karibu na kitasa. Ikikwama, mkanda ukikazwa utauvuta ubao, ubao uvute mtutu, na risasi itaelekea unakovutwa, mara nyingi chini na kidogo kushoto kwa wa mkono wa kulia. Bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwa nyepesi, zenye ubao wa plastiki laini, ndizo huumwa zaidi na ugonjwa huu.

Makosa yanayojifanya ya mkao

Kabla hujalaumu mkao, ondoa mawili. Kuinamisha bunduki upande: nyuzi 5 tu za mwinamo, kwa .308 iliyosawazishwa mita 300, hupeleka risasi karibu sentimita 7 upande ule ulioinamia, lakini bunduki ikisawazishwa na kupigwa kwa mita 100 haifiki sentimita 1. Watu huinamisha zaidi wakiwa wamesimama kuliko wakiwa kwenye benchi. La pili ni jicho kutokuwa katikati ya darubini. Darubini ya lenzi ya milimita 40 iliyotengenezwa kwa umbali wa mita 100 inaweza kukudanganya hadi sentimita 2 kwa mita 200, jicho likiwa ukingoni. Shavu likikaa mahali pamoja katika mikao yote, hili linaisha. Kama darubini iko juu mno, ongeza kipande cha ngozi au sponji juu ya mti.

Na uelekeo wa asili: kaa kwenye mkao, lenga, funga macho, pumua mara mbili, fungua. Kama msalaba wa darubini umetoka kwenye shabaha, sogeza nyonga au miguu. Ukiusogeza kwa misuli ya mikono, misuli italegea wakati wa kuvuta triga na risasi itarudi ulikotoka.

Jipime mwenyewe

Risasi 20 za boksi moja, asubuhi yenye upepo mdogo, mita 100, karatasi nne. Karatasi ya kwanza benchi, ya pili kulala (mwenye .375 au .416 airuke), ya tatu kukaa au goti, ya nne fimbo tatu. Tano kwa kila moja, dakika 2 hadi 3 kati ya risasi ili mtutu usipate moto, dakika 10 kati ya karatasi. Usiguse darubini hata ukiona kundi limehama. Kwa kila karatasi pima kila tundu liko umbali gani kutoka katikati ya shabaha, kulia au kushoto, juu au chini, jumlisha na ugawe kwa tano. Hapo ndipo katikati ya kundi.

Usiamini tofauti ndogo. Kundi la sentimita 4 lina katikati inayoweza kutangatanga kati ya nusu sentimita na sentimita 1 kwa bahati tu. Kundi la sentimita 15 la kusimama linatangatanga zaidi ya sentimita 2. Kwa hiyo kama kulala kumehama sentimita 1 kutoka benchi, hakuna kilichotokea. Kama fimbo zimehama 5, rudia siku nyingine. Zikihama tena upande uleule, ni kweli.

Ukishajua, uamuzi unategemea kazi. Mwindaji wa nyati au pofu kwa .375: benchi kwa risasi tatu za kuifikisha karibu, kisha sawazisha kwa fimbo tatu kwa mita 50 na uthibitishe 100. Mwenye .308 anayepiga kwa kulala na begi: sawazisha hapo, andika kliki za fimbo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya mfuniko wa darubini. Kliki ya kawaida ya robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) ni kama milimita 7 kwa mita 100, hivyo kuhama kwa sentimita 5 ni kliki 7. Mpigaji wa .22 kwa mikao mitatu: namba tatu tofauti, zisizochanganywa. Na mwenye bunduki moja kwa kila kazi, asiyetaka kuzungusha chochote akiwa porini, asawazishe kwa ule mkao wa dharura, yaani fimbo, na akubali kuwa benchini itaonekana imepotoka.